Mpishi Aliyekataa Kutoka Darasa la Nne

Jua bado halijachomoza katika mji wa Caazapá, na mikono ya Mama Deolinda Ovelar, au Ña Deolinda kama wanavyomwita hapa, imezama hadi viwikoni katika unga wa muhogo, jibini na mafuta ya nguruwe. Anaukanda kwa ngumi, na kila ngumi ina neno lake la Kihispania.

"Kinamasi," anasema, anapiga. "Ukungu." Anapiga tena. "Kunong'ona."

Wifi yake Blásida anachochea kuni kwenye tanuri la udongo, akicheka peke yake. "Wifi, una wajukuu, halafu unakariri kitabu cha watoto! Mwakani tutakununulia chuchu."

"Nunua mbili," anajibu bila kugeuka. "Ya pili ni yako, ikuzibe mdomo."

Mikate hiyo, chipa, ataiuza nje ya lango la shule ya msingi ambako hadi Agosti alikuwa mpishi. Ndani hatakiwi. Langoni hakuna wa kumgusa, kwa sababu barabara ni ya wote.

Ña Deolinda alikua akisema Kiguarani, kama karibu kila mtu wa hapa. Kihispania kilikuwa cha shuleni na cha ofisini, na shule yenyewe aliiacha mapema, baba yake alipovunjika mguu na pamba ikakosa mvunaji. "Kihispania nilichobaki nacho kilikuwa cha kununulia chumvi," anasema. "Ukiniuliza la pili, nilikuwa natabasamu tu."

Dirisha la jikoni lilitazamana na darasa la nne. Mwaka huu mwalimu wa darasa hilo, Mirna Cañete, alianza kuwasomea wanafunzi riwaya ya msichana anayeingia kinamasini kumtafuta fahali wa babu yake. Baada ya kila sura aliandika ubaoni maneno magumu, wakayajadili.

"Mimi nilikuwa namenya muhogo," Ña Deolinda anakumbuka. "Msichana akazama hadi kiunoni, kengele ikalia. Nikasema, haiwezekani! Niende nyumbani kulala bila kujua kama ametoka?"

Kesho yake supu iliiva mapema kuliko kawaida. Alifuta mikono kwenye aproni, akabisha hodi na kuomba kukaa nyuma. Araceli, msichana wa miaka tisa mwenye pengo la meno ya mbele, akamsogezea nusu ya benchi lake.

Neno la siku hiyo lilikuwa *terca*.

"Hulijui, Ña Deo?" Araceli akashangaa. "Ni mwanamke ambaye ukimwambia toka, hatoki."

"Aaa! *Akãhatã*!" akasema mpishi. Kichwa kigumu. Darasa zima likaangua kicheko, maana hilo ndilo neno walilogombezewa nalo tangu walipoanza kutambaa.

Ikawa mazoea. Watoto wanampa neno la Kihispania, yeye anawapa la Kiguarani. Ukungu ukapata mwenzake, *tatatina*, na mtoto mmoja ambaye kwao Kiguarani kilipigwa marufuku akaliandika mkononi kwa kalamu, asije akalisahau.

Mkono huo ndio ulioleta balaa. Baba yake aliuona mezani, akaja shuleni amefura. "Simleti mwanangu hapa afundishwe na mpishi," alisema, kwa sauti iliyofika hadi kwenye masufuria.

Mwalimu mkuu, Rigoberto Insfrán, akamwita Ña Deolinda ofisini. "Mama, kazi yako ni jikoni. Sitaki kukuona tena ndani ya darasa."

Siku iliyofuata alibeba kigoda chake, akakiweka juu ya kizingiti, akakaa hapo mapaja yakiwa yamebana fremu ya mlango.

"Alisema nisiwe ndani. Sikuwa ndani," anaeleza. "Na nje kulikuwa na mvua."

Ukaitishwa mkutano wa wazazi. Wengi walitarajia aombe radhi. Alisimama mbele na kitabu alichoazimwa na mwalimu Mirna, akaomba asome ukurasa mmoja. Alikwama mstari wa kwanza. Akarudia, akakwama tena. Vicheko vikaanza nyuma, na mwanamume mmoja akapaza sauti: "Kaa chini, mama, unajiaibisha!"

"Nimeaibika miaka yote kwa kunyamaza," alimjibu. "Leo niache niaibike kwa kusoma."

Akasoma, neno moja moja, jasho likimtiririka shingoni, hadi chini kabisa ya ukurasa. Hakuna aliyepiga makofi. Ijumaa hiyo akaambiwa kazi imekwisha.

"Usiandike kwamba sikulia," anasisitiza. "Nililia sana. Kisha nikafuta machozi, nikawasha tanuri."

Mwalimu Mirna alipewa onyo kali, lakini onyo hilo halikuhusu siku zake za mapumziko. Kila Jumamosi asubuhi hufika uani kwa Ña Deolinda na kitabu kwapani, na baadhi ya wanafunzi humfuata, wengine wameletwa na mama zao. "Kule nilisoma kwa sababu ya mshahara," anasema mwalimu huyo. "Hapa nasoma kwa sababu nikichelewa nafokewa."

Kipato cha chipa hakijafika mshahara wa jikoni, na mvua ikinyesha langoni hakuna mteja. Hata hivyo kapu hubebwa. Asubuhi hii mwalimu mkuu anapita na mkoba wake.

"Bado upo, Ña Deolinda?"

"Nipo, mwalimu mkuu. Na chipa ni za moto."

Anasita, anaitazama saa yake, anaingia zake ndani bila kununua. Ña Deolinda anafunika kapu kwa kitambaa na kuendelea kusubiri kengele.

Kitabu kimebakiza sura tatu. Mwalimu Mirna alitaka kumdokeza kama fahali anapatikana, naye akaziba masikio kwa viganja vyenye unga. Anasema atafika huko kwa macho yake mwenyewe.

Mwezi wa Novemba atafanya mtihani wa watu wazima wa kumaliza elimu ya msingi. Blásida anamwonya kwamba wengi huanguka mara ya kwanza.

"Nikianguka nitarudi," anasema Ña Deolinda. "Nikianguka tena, nitarudi tena. Mwisho watazoea kuniona."