Rangi Chini ya Waya wa Ethi

Juzi nilikuwa Ipagala, nimekaa zangu kibarazani kwa shemeji nakunywa chai, nikasikia ng'ambo ya ukuta mtu anawasha gari. Ta! Kimya. Ta! Kimya. Shemeji akaguna tu, "Betri hiyo." Mimi nikaweka kikombe chini. Rafiki yangu, mlio ule naujua mno. Palepale nikawa na miaka tisa tena, uani kwetu Bahi, kiangazi, upepo unapeperusha makapi ya mpunga na harufu ya karanga za kukaanga inatoka jikoni kwa bibi.

Uani palikuwa na pikapu ya marehemu baba. Ilikuwa imekaa miaka miwili bila kwenda popote, kuku wanataga ndani yake, panya wametafuna waya zote. Baba mdogo alishaamua iuzwe. Mama hakubisha kuuza, alibishia namna. Mama mmoja wa Mtera, mchuuzi wa samaki, alikuwa tayari kuichukua, ila iwake. Isipowaka, watu wa vyuma chakavu wangekuja siku hiyohiyo na mnyororo, waiburute wakaikatekate. "Gari la mume wangu halikatwi vipande," mama alisema. Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa.

Basi mama akaifunga waya upya yeye mwenyewe. Usishangae! Miaka yote ya ndoa ndiye aliyekuwa akimmulikia baba tochi, na hakuwa amefumba macho. Wiki tatu alikuwa akitoka shamba anainamia injini, khanga kiunoni, ananifokea nimpe waya mwekundu, siyo huo, mwekundu! Na kwa kuwa baba kila mwaka alikuwa akiahidi kuipaka rangi ya bluu, mama akaipaka. Weee, alipaka! Nje, ndani, chini ya boneti, kila chuma alichokifikia. Bibi akamwomba abakize kidogo kwa ajili ya mlango wa choo.

Siku ikafika. Nikakaa kwenye usukani, miguu inaning'inia. "Washa!" Ta! "Zima." Betri ilikuwa imejaa, tuliichaji kwenye mashine ya kusaga. Mama akaishuku solenoidi, kile kikopo kilichopanda mgongoni mwa stata, mota inayoizungusha injini ili iwake, kinachopokea umeme wa swichi na kuufungulia njia uende kwenye stata. "Kinagonga, lakini hakipitishi," akasema. Akakifungua, akasugua shaba zake kwa msasa, akakirudisha. Ta! Akagusanisha boliti zake mbili kwa bisibisi, tukapata cheche moja ya aibu. Jua likapanda. Baba mdogo kivulini akapiga simu: "Njooni tu na mnyororo wenu." Nikamwona mama anajifuta uso kwa mgongo wa mkono, nami nikajua si jasho.

"Washa tena, mwanangu. Shikilia." Nikashikilia, mkono wa pili nimeukamata mkono wa choki, ule unaovuta kamba ya chuma iendayo kwenye injini. Jamani! "Mama, choki inaunguza!" Nilidhani atanigombeza. Akaigusa, akaitazama injini, halafu akaanza kucheka peke yake.

"Umeme umekosa njia ya kurudi," akasema. "Unajipitia popote."

Akaufuata waya wa ethi, ule mnene unaounganisha injini na fremu ili umeme urudi kwenye betri. Ulikuwa umekazwa barabara, juu ya rangi ya bluu. Alikuwa ameipaka hadi pale ambapo chuma kinatakiwa kigusane na chuma. Akachukua kisu cha jikoni cha bibi, akakwangua mpaka pakang'aa, akakaza boliti. "Washa."

Ikanguruma! Kuku wakatawanyika, bibi akapiga vigelegele na mwiko mkononi, baba mdogo akainuka kivulini, akawapigia tena wale wa mnyororo wasije. Moshi ulijaa uani, nikauvuta kwa raha kama harufu ya chakula.

Yule mama wa Mtera alikuja alasiri, akaisikiliza injini, akaridhika. Kwetu mgeni haondoki peke yake, husindikizwa. Mama akamwambia aendeshe taratibu, kisha akatembea ubavuni mwa pikapu, kiganja juu ya mlango, mpaka njia panda. Akaniita twende wote. Nikakataa. Nilinuna nyuma ya ghala, nimemkasirikia kwa kuiwasha, maana isingewaka, kwa akili yangu ya kitoto, ingebaki.

Siku hizi uani pale pana nyumba ya watu wengine, na mama tulimzika mwaka juzi. Nimewahi kuuliza Mtera kuhusu pikapu ya bluu, wakanicheka. Haya, gari ni chuma, nimelisamehe. Ila ile njia ya kwenda njia panda ilikuwa fupi, hata dakika kumi hazifiki, na mama alirudi peke yake. Mpaka leo inaniuma.