Kicheko cha Patrobas wa Mbotela

Mtaa mzima wa Mbotela, mwenye akili ya mitambo alikuwa mimi. Shule niliiachia darasa la saba, lakini deki ya video nilikuwa naifungua kwa kisu cha mkate na kuirudisha bila kubakiza skrubu. Zikibaki mbili tatu, basi hazikuwa na kazi. Nayasema haya mapema mjue kwamba aliyeharibu kanda mtakayoisikia hapa hakuwa mjinga.

Shemeji yangu Patrobas, mume wa dada yangu Asenath, alikuwa fundi wa mabehewa kule reli. Sura ya kawaida, miguu mibaya. Kitu kimoja tu Mungu alimjazia: kicheko. Kilianza kwa kukwama kama injini ya lori asubuhi ya baridi, kikakohoa mara mbili, halafu kikashika na kupanda mlima.

Siku hizo Alhamisi ilikuwa ya vichekesho. Baada ya taarifa ya habari, stesheni ilirusha michezo mitatu ya familia mfululizo. Aliyekuwa na televisheni aliigeuza itazame dirishani, majirani wakakaa uani na vigoda vyao. Michezo ile ilirekodiwa mbele ya watu, na stesheni ilikuwa ikichukua watu mitaani waende wakacheke. Patrobas alikwenda mara moja. Baada ya hapo gari la stesheni lilimfuata lenyewe. Hatukumwona kwenye kioo hata siku moja. Lakini baba mkali wa mchezoni akifungiwa nje na binti zake, kimya kidogo, halafu kule nyuma injini inaanza kukwama, na ua mzima unasema, "Huyo Patro." Asenath anaficha uso kwa leso. Aibu gani, ilikuwa raha ile.

Mimi nilikuwa nikimwigiza. Nasimama mbele ya watu, natoa kicheko chake, naye ananitazama kwa jicho la kulia, kona ya mdomo imepinda. "Buda, hayo meno yako yatakuponza."

Mwezi wa pili mwaka huu kiharusi kilimwangusha bafuni. Alirudi kutoka wodini bila sauti, upande mmoja umelala. Daktari alisema kumeza anaweza, ila mgonjwa amekata tamaa. Mtafutieni kitu cha kumwamsha, akatuambia. Alhamisi iliyopita akafunga mdomo. Uji hataki, chai hataki, ni maji ya kulowesha midomo tu. Jumamosi Asenath akanipigia simu.

"Wekulo, unayo ile kanda?"

"Kanda gani?"

"Usinizungushe. Ulirekodi Alhamisi moja, tukaitazama mpaka tukachoka. Nimetoka stesheni sasa hivi. Wanasema za zamani hawana hata moja."

Kanda nilikuwa nayo. Deki ndiyo sikuwa nayo. Jirani yetu Amino, mwenye duka la vyombo, akaitoa ya kwake stoo, imefungwa kwa shuka kama mtoto mchanga. "Marehemu mume wangu hakutupa kitu," akasema.

Jumapili mchana tukamwegemeza Patrobas kwenye mito. Asenath akakaa kando yake na bakuli la uji, kijiko kimeshachota. Nikatia kanda, nikarudi nyuma hatua mbili kama bwana harusi.

Kwenye kioo ukatokea mpira. Vijana wa kaptula fupi wanakimbizana.

"Peleka mbele," akasema Asenath.

Nikapeleka. Kipindi cha pili. Nikapeleka. Dakika za nyongeza, penalti, halafu kioo kikajaa chenga nyeupe mpaka kanda ikaisha.

Asenath akaitoa, akaigeuza. Wenye umri wangu mnajua: ukitaka kanda isirekodiwe tena, unavunja kile kipande kidogo cha plastiki mgongoni. Kilikuwa kimevunjwa, Patrobas alikivunja kwa mkono wake. Na juu ya tundu kulikuwa na selotepu ya kuidanganya deki, imegeuka rangi ya chai, imebandikwa sawasawa na mtu mwenye akili ya mitambo.

"Ni wewe."

"Ilikuwa fainali, Asenath."

Amino akatazama dari.

Dada hakunitukana. Afadhali angenitukana. Uji ulikuwa umeshaanza kushika utando. "Leo siku ya nne," akasema. "Kesho wanamrudisha wodini wamtie mpira wa kulishia puani. Ataung'oa, namjua." Akauvunja utando kwa kijiko. Halafu akasema, "Mcheke."

"Nani?"

"Mume wangu. Mcheke kama ulivyokuwa ukimcheka."

Nikasimama mbele ya kitanda. Nikakijaribu kile kicheko, kikakwama, na safari hii sikuwa naigiza. Nikajaribu tena, kikakohoa. Nikafumba macho, nikaona ua wetu na vigoda vyote vina watu, kikashika.

Nilipofumbua macho, jicho la kulia lilikuwa linanitazama. Lile lile. Kona ya mdomo ikapinda, midomo ikaachana upana wa kidole, tusi limekaa pale linatafuta njia.

Asenath akapenyeza kijiko.

Koo la Patrobas likapanda, likashuka.

"Cheka tena," akasema dada bila kunitazama. Anachota tena.

Nikacheka. Machozi yananitoka nami nacheka, mbavu zinauma nami nacheka, na kila nikinyamaza ule mdomo unafunga. Amino akatoka nje. Bakuli halikuisha, nusu ilibaki.

Asenath akalifunika kwa sahani. "Kesho uje mapema," akaniambia, "kabla hawajamfuata."