Wigi Juu ya Mchi

Mwaka themanini na tano nilikuwa na miaka kumi na miwili, niko darasa la tano, na ndipo shida ilipoanza. Mama yangu alifariki. Ugonjwa siwezi kuueleza kwa sababu hata hospitali hawakutueleza. Aliingia kwa miguu yake, akatoka amebebwa. Shule nikaiacha hapohapo, sikuirudia tena, kwa hiyo ukikuta sentensi yangu imekaa upande, isome hivyohivyo. Nimefika nilipofika nayo.

Haya yamenirudia wiki hii. Kaja binti mmoja saluni kwangu hapa Temeke, mcheza shoo wa singeli, kiuno hiki hapa, simu mbili mkononi. Kaniamkia shikamoo, kakaa kitini, kajitazama kwenye kioo. "Mama, Jumamosi napanda jukwaani. Nivae wigi au unitie kalikiti? Si wanasema za zamani zimerudi?" Mie nikasimama na kitana mkononi. Msaidizi wangu akadhani sijasikia, akarudia swali kwa kelele kama anamwambia kiziwi. Nilisikia vizuri. Swali hilohilo niliwahi kuulizwa nikiwa mtoto, na wakati ule wa kujibu alikuwa mama yangu, ila yeye hakuwepo tena.

Mama alikuwa mcheza shoo wa bendi. Najua siku hizi mnaona ni kitu cha kawaida, lakini enzi zile watu walikuwa wanakuja ukumbini kuangalia, halafu njiani wanakusema. Mama hakujali. Wacheza shoo wa bendi yao walikuwa wanne, na kiongozi wa bendi aliwaletea mawigi manne yanayofanana bendi ilipokwenda kupiga muziki Zambia. Meusi, ya mabegani, yenye panki mbele, ile inayoangukia paji la uso. Alitaka mtu aliyekaa nyuma kabisa, na bia yake, aone kichwa kimoja kimejigawa mara nne.

Nyumbani mama alikuwa analitunza wigi lake juu ya mchi. Kulikuwa na kinu cha zamani cha Bibi, kimepasuka, hakitwangi tena, kimewekwa kona ya chumbani. Mchi unasimamishwa ndani yake, wigi linavishwa juu. Bibi akija kutoka Kimbiji na mihogo yake kichwani anasimama mlangoni kwanza. "Geuzeni huyo mtu wenu ndiyo niingie." Mama anacheka, anaenda kuligeuza likatazama ukuta.

Na kila Jumapili alasiri kulikuwa na bugi, dansi la mchana, hata watoto tunaingia. Mie nilikuwa naosha vyombo vya maandazi haraka haraka huku gitaa la kujaribia mitambo linasikika mpaka uani kwetu. Nikifika ukumbini nakaa chini mbele kabisa. Mama alikuwa na tabia moja: kabla ya kugeuka, mkono unakwenda kisogoni, vidole viwili, anagusa wigi kama limekaa. Mkono wa kushoto. Alikuwa mashoto. Bibi alimpiga utotoni mpaka akajifunza kula kwa kulia, lakini mambo mengine yote yalibaki kushoto.

Arobaini ilipofika wakagawa nguo zake, kama ilivyo desturi. Khanga kwa huyu, gauni kwa yule, viatu kwa mama mdogo, mdogo wake mama aliyekuwa anakaa nasi na ndiye aliyebaki na mie. Nguo zikaisha mkekani, likabaki wigi. Hapo ndipo pakawaka moto.

Bibi akasema nywele hazigawiwi, nywele ni mwili, zinazikwa. Kwetu hata nywele za kwenye kitana huwezi kuzitupa ovyo, zinafukiwa. Yule mama mzee aliyemwosha maiti akakataa. "Mie ndiye niliyemwosha mwanao. Nywele zake nimezisuka mikia mitatu, zimekwenda naye. Hii ni kofia."

"Kofia gani ina panki?" akauliza Bibi.

Wanawake wakacheka wakajiziba midomo, maana ni msibani. Hata mie nilicheka, nikaona aibu. Mwisho wakaamua hivi: lisizikwe, lisigawiwe, akae nalo mtoto. Nikalirudisha juu ya mchi.

Sasa nikwambie chumba kile kilivyokuwa baada ya hapo. Magharibi ikiingia, kibatari kikiwashwa, kivuli kinapanda ukutani: mwanamke amekaa, ametugeuzia mgongo. Mama mdogo alikuwa analala amejifunika khanga mpaka usoni. Mie hapana. Mie nilikuwa nalisogelea, natia pua ndani. Lilikuwa na harufu ya udi, mafuta ya nazi, na jasho la mama la jukwaani, ambalo nilikuwa nikilisema vibaya alipokuwa hai. Harufu ile ndiyo iliyokuwa imebaki ya mtu mzima aliyenizaa.

Haikupita muda kiongozi wa bendi akaja. Nafasi iko wazi, mama mdogo anaujua mchezo wote kwa kuuangalia, aje. Na wigi lipo. Tulikuwa tunakula kwa maandazi ya mama mdogo, na unga ulikuwa wa foleni, leo upo kesho haupo. Jukwaa ndilo lililokuwa limelipia kile chumba tangu mwanzo. Akikataa, tunarudi Kimbiji kwa Bibi, basi.

Kiongozi alipoondoka mama mdogo akachuchumaa mbele yangu. "Wewe ndiye mwenye mama yako. Jirani anasema anaweza kunitia kalikiti, panki ataikata ifanane. Au nivae lile. Sema wewe."

Nikasema, "Tia kalikiti." Sikufikiri hata kidogo.

Jirani yetu alikuwa msusi, fundi hasa, na dawa alikuwa anauziwa na baharia mmoja. Kalikiti kwa wasioijua: kwanza dawa ya kulainisha, inanuka yai bovu mpaka kuku wanaondoka uani, halafu nywele zinazungushwa kwenye rola, dawa nyingine, subiri. Mama mdogo alilia machozi kimyakimya. Zilipofunguliwa, kichwa kizima viringi vinang'aa. Alipendeza, lazima niseme. Lakini kalikiti inataka mafuta kila siku, isipolowa inakakamaa. Mto wake ukawa kama karatasi ya kufungia chapati. Bibi alipouona aliuliza kama tunaukaanga.

Jumapili ya kwanza akapanda. Ukumbi ni joto, taa zinawaka, mafuta yakachanganyika na jasho yakashuka machoni. Nilimwona anafumba jicho moja, halafu yote mawili. Wenzake wakageuka kulia, yeye akageuka kushoto, akamgonga wa pembeni. Jamaa mmoja nyuma akapaza sauti, "Sista, zima jiko, linavuja!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Alimaliza wimbo akiwa haoni, kwa kusikiliza miguu ya wenzake tu.

Kiongozi wa bendi hakuwa mtu mbaya. Alikuja kesho yake, akakataa kukaa. "Dada, watu wanataka kuona wanne sawa. Jumapili uje na wigi. Huna, usijisumbue, Kiwalani ninao wasichana wanasubiri."

Mama mdogo hakuniuliza mara ya pili. Hilo ndilo lililonichoma. Alikaanga maandazi, macho bado mekundu, mkono mmoja unageuza, mwingine unahesabu hatua pajani. Hakuligusa wigi wala kulitazama. Alikuwa ameshaniachia, na neno langu lilikuwa limesimama kama ukuta.

Siku mbili nilimwangalia hivyohivyo. Ya tatu nikalivua wigi juu ya mchi, nikalipeleka kwa msusi.

Akalinusa, akakunja uso. "Mama mdogo wako atalivaa? Hili haliendi kichwani mwa mtu hivi, mwanangu. Lioshwe." Akanyoosha mkono.

Nikalivuta. "Naliosha mie."

Akanitazama, akaelewa, Mungu amrehemu. Akanifundisha. Maji ya baridi, si ya moto. Sabuni itiwe kwanza majini ndiyo wigi liingie. Usikamue, usisugue, bonyeza kama unabonyeza kifua cha mtoto mgonjwa. Nikainama kwenye beseni, nikabonyeza. Maji yakawa rangi ya chai ya rangi iliyopozwa. Na harufu ikatoka yote kwa pamoja, udi, nazi, jasho, kali kuliko siku zote, kiasi kwamba niliinua kichwa nikatazama mlango wa uani. Hakukuwa na mtu. Nilipoinama tena, beseni lilikuwa linanuka sabuni.

Msusi akataka kuyamwaga maji, nikamzuia. Niliyamwaga mwenyewe, chini ya mpapai wetu, taratibu. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza ya saluni. Zote nilizofanya baadaye zimetokana na beseni lile.

Wigi likakauka juu ya mchi. Jioni nikamwambia mama mdogo, "Nimelifua. Vaa." Alishika uso wangu kwa mikono yenye unga.

Jumapili nikakaa chini mbele kabisa, mahali pangu. Wanne wakatoka. Sawa kwa sawa, mawigi manne, na wa mwisho mkono wa kulia alikuwa amesimama pale pa mama. Muziki ukakolea, zamu ya kugeuka ikafika, na mkono ukaenda kisogoni. Vidole viwili. Mkono wa kushoto.

Mama mdogo si mashoto.

Sikupiga kelele. Nilikaa nimeshika vidole vya miguu yangu mpaka wimbo ukaisha. Njiani kurudi nikamuuliza, kwa nini ulikuwa unashika kisogo? Akasimama. "Nimeshika? Sijashika, mbona."

Msusi alipoelezwa alisema kila avaaye wigi hushika kisogo, linateleza. Ni kweli. Nimevisha wigi wanawake wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na wote wanashika. Mwenye kulia anashika kwa kulia, mwenye kushoto kwa kushoto. Mie si mtu wa mashetani, na waganga wamekula hela za wengine, si zangu. Nasema nilichokiona, basi.

Mama mdogo alicheza na lile wigi miaka mingi, akanilea vizuri, mpaka bendi ikafa na wigi likawa na upara. Hapo Bibi akapata alichokitaka tangu mwanzo. Akachimba kwa jembe lake pale chini ya mpapai nilipomwaga maji, akaliweka. Hakusoma kitu. Alisema tu, "Haya, mfuate mwenzio."

Sasa hivi pale pana ghorofa, chini fremu za simu, na uani wamemwaga zege. Ukumbi ni yadi ya magari. Bibi hayupo, msusi hayupo, mama mdogo nilimzika mwenyewe. Sauti ya gitaa la kujaribia mitambo sijaisikia tena mtaani siku hizi. Wanapiga kompyuta.

Yule binti nilimwambia avae wigi, lakini jipya, alitoe kwenye nailoni kwa mkono wake. Nikamvisha, nikambana vibanio. Akasimama katikati ya saluni, akawasha muziki kwenye simu, akajaribu kugeuka. Nikaona kiwiko kinapanda kuelekea kisogoni. Nikageuka nikatafuta kitana. Sikutazama ni mkono gani.

Leo nina saluni hii ya viti vinne, na fremu ni yangu. Nina madraya matatu, moja bovu. Nina nyumba Kiwalani, vyumba sita, vyote vina wapangaji. Nina shamba Kimbiji, jirani na kaburi la Bibi, lina minazi. Nina vichwa vya plastiki vimejaa dirishani, kila kimoja na wigi lake la kuuza. Na nina kinu chenye ufa, kipo kona ya chumbani kwangu, mchi umesimama ndani yake. Juu ya mchi hakuna kitu.