Ugonjwa wa Zaituni Ulipouzwa kwa Chumvi

Kuna jambo moja la siku za vita ambalo halijanitoka kichwani, mwanangu. Treni ilikuwa imeacha kufika Kindu, mji wetu, na chumvi ilikuwa adimu hata tukazoea kula sombe, majani ya muhogo, bila ladha. Mimi nilikuwa mwanamke kijana, nazalisha wanawake katika kituo kidogo cha afya hapa Mikelenge.

Akaja msichana kutoka upande wa Kailo, jina lake Zaituni. Watu wenye bunduki walimkuta shambani, wakamtendea yale unayoyajua, wakamwachia ugonjwa. Alitueleza kwa sauti ndogo, akitazama ukuta. Tukaanza kumpa dawa. Alikuwa amechumbiwa, na mchumba wake alimpenda.

Mjomba wa mchumba akasikia kwamba Zaituni anaingia kwetu mara kwa mara. Hakumuuliza Zaituni mwenyewe. Alimfuata Salumu, muuguzi mwenzangu, akampa pakiti ya chumvi, na Salumu akamweleza yote: ugonjwa gani, ulitoka wapi, dawa gani. Kabla jua halijazama soko zima lilijua. Posa ikavunjwa. Wanawake wakakataa kuuza samaki karibu naye.

Alirudi kituoni, akasimama mlangoni, hakuingia.

"Niliwaletea mwili wangu muuponyeshe," alisema. "Nani aliwaambia mupeleke maneno yangu kwenye soko?"

Akaenda zake, dawa hakumaliza. Na wanawake wengine nao wakatuogopa. Mmoja alijifungulia kwenye shamba la muhogo, akatokwa na damu mpaka akafa, na sisi tulikuwa karibu, dawa ya kuzuia damu tunayo. Nikifikiri jambo hilo, hata leo moyo unaniwaka.

Mama Asumini, mkubwa wetu, alimwita Salumu mbele yetu sote.

"Sikusema uongo, mama," Salumu akajitetea. "Nilisema kweli tu."

"Kweli ile iko ya Zaituni, haikuwa yako. Toka. Usiguse tena mugonjwa hapa."

Kisha mama mwenyewe akavuka mto, akamtafuta Zaituni kwa shangazi yake, akamwomba radhi, akawa anampelekea dawa huko hadi akapona. Posa yake lakini haikurudi.

Nilidhani mambo hayo yalikwisha na vita. Juzi bwana mmoja aliyevaa vizuri aliingia kituo kilekile. Alitaka kupiga picha fishi, zile karatasi za habari za wagonjwa, kwa simu, kampuni fulani izinunue, na sisi tupewe taa za jua. Wenzangu wa kamati ya afya walishaanza kutabasamu! Nikamuuliza kama wagonjwa wamekubali.

"Mama, hiyo iko karatasi tu. Haiumize muntu."

"Basi anza na yako," nikamwambia. "Tuambie ugonjwa wako, hapa, mbele ya hawa watu."

Akafunga begi lake, akatoka.

Mwanangu, wewe sasa unaingia kazi hii. Mgonjwa anakufunulia mambo yake kwa sababu anataka kupona, si kwa sababu amekupa yawe yako. Usiyatoe mpaka mwenyewe akubali, akijua yanakwenda kwa nani na ya kazi gani. Akikataa, yameisha, hata kama anayeyataka ni mkubwa wako, hata kama kituo kiko gizani. Na ukimwona mwenzako anayauza, usinyamaze eti ni rafiki.

Mungu akupe mikono ya kuponya na mdomo unaojua kufunga. Kila aliye na maumivu apite mlango wako bila hofu, na atoke na heshima yake. Amina.