Wanawake Wawili Chini ya Mwavuli Mmoja

Kitabu cha Bibi kilinuka karafuu. Alikiweka ndani ya sanduku lake la nguo, pamoja na karafuu kavu za kufukuza wadudu, na kila alipokitoa, sebule yetu ya Ibra, huku Oman, ilijaa harufu ya kisiwa nisichowahi kukiona. Yalikuwa magazeti ya zamani ya vichekesho ya Kiingereza, yameshonwa pamoja, ambayo baba yake aliyanunua mnadani Unguja, Mzungu mmoja alipokuwa akiuza vitu vyake arudi kwao. Picha zake hazikuwa na rangi. Zilichongwa kwenye mbao ndipo zikapigwa chapa, na mistari yake ilikuwa myembamba kama nywele. Mabwana wenye kofia ndefu waliteleza barabarani, mabibi wanene walikwama milangoni kwa upana wa magauni yao, na karibu kila ukurasa mvua ilinyesha. Sisi watoto wa Ibra, ambao mvua tuliiona kwa bahati, tuliamini kwamba hiyo ndiyo Zanzibar.

Aliyetupoteza ni Bibi mwenyewe. Kiingereza hakukijua hata neno, na utotoni yeye na mdogo wake, Zuwena, walizipa picha zote majina ya watu wa mtaani kwao na kuzitungia maneno. Bwana mwenye kitambi alikuwa muuza mafuta wa pale kona. Bibi mwenye pua ndefu alikuwa mwalimu wao wa chuo cha Kurani, Mungu awasamehe. Mmoja alianza maneno, mwenzake akayamalizia. Baada ya alasiri, kahawa na tende zikishaletwa, Bibi alitusimulia pande zote mbili, ila kwa picha moja tu. Wanawake wawili wamejibanza chini ya mwavuli mmoja, wanamcheka bwana anayekimbiza kofia yake iliyopeperushwa na upepo. Mstari mweupe ulishuka katikati ya picha, baina ya wale wanawake, nami nilidhani imepasuka. Hapo Bibi alisema, "Akimbilia kofia," kisha akanyamaza. Tukimbembeleza amalize, alisema kilichobaki kina mwenyewe, akafunua ukurasa mwingine.

Mwenyewe alikuwa Bi Zuwena. Familia ilipohamia Oman baada ya mapinduzi, yeye alikuwa ameshaolewa, akabaki Unguja na mama yao, aliyekataa kata kata kuondoka. Ndugu hao hawakuonana tena mpaka nywele zao zote zikawa nyeupe. Nilikuwa msichana mdogo, msimu wa tende mbivu, Baba alipomleta kutoka uwanja wa ndege. Nilimngoja mlangoni nikitazamia kofia ya maua na mwavuli. Akateremka mwanamke mwembamba aliyevaa buibui, nami nikamwamkia shikamoo huku moyo umenivunjika.

Si mimi tu niliyevunjika moyo. Jioni ile ile, wakinywa kahawa, Bi Zuwena alisema kwa upole, kama anayeomba sukari, "Mama kafa mkono wake umo mkononi mwangu, na jina aliloita ni lako." Tangu hapo wakawa wanaamkiana kama wageni waliokutana hospitali. Baba akajaribu yaliyopita si ndwele, methali nzuri sana kwa asiyeumwa. Kisha nikamsikia Bi Zuwena akimwomba amsogezee tarehe ya safari, arudi kwake mapema. Niliogopa. Akiondoka, nusu yangu ya maneno ingeondoka naye, na Bibi angebaki na kahawa yake.

Basi alasiri moja nilikwenda sandukuni, nikakitoa kitabu, nikamwekea Bi Zuwena mapajani, nikamfunulia ukurasa ule. Alitazama, akapitisha kidole juu ya mwavuli. Kutoka pembe yake, bila kugeuza uso, Bibi akasema, "Akimbilia kofia."

Bi Zuwena alikihamishia kidole kwenye ile kofia. Kisha akasema, "Kichwa kakiwacha nyumbani."

Walicheka mpaka mitandio ikawadondoka, wakacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na hakuna aliyejaribu kukizuia. Bibi akahamia kwenye mkeka wa mdogo wake. "Haya, niambie sasa," alisema. "Mama alisema nini tena?" Waliongea mpaka adhana ya magharibi, na habari ya kusogeza safari haikusikika tena.

Leo wote wawili wako mbele ya haki, na kitabu kiko kwangu. Binti yangu amezipata picha zile zile kwenye simu, safi kuliko zetu, na amenisomea maneno yake ya Kiingereza. Sikuona cha kuchekesha. Ndiye aliyenieleza kwamba picha kubwa ilichongwa kwenye vipande kadhaa vya mbao, kila fundi na kipande chake, kisha vikakazwa pamoja. Mstari mweupe ni pale vilipokutana. Miaka yote nilikuwa nikiuita ufa. Kiswahili cha binti yangu ni cha kuokoteza, na wakati mwingine nahofu kwamba kitaishia kwangu. Juzi alikuwa ameinamia simu yake, nami nikasema, kwa kujaribu tu, "Akimbilia kofia."

Hakuinua macho. "Kichwa kakiwacha," alisema, akatafuta neno la nyumbani, akalikosa, akachukua la Kiarabu: "fil-beit."

Nikamwambia ndiko huko huko.