Mama wa Baba Yangu Ndani ya Baa

Wanaosema mtoto hana kazi ndani ya baa hawakumjua baba yangu. Juzi mume wa mjukuu wangu, kijana wa ofisini pale mjini, alinieleza kwa Kifaransa kirefu jinsi mtoto anavyoharibika akiona watu wakinywa. Nilimsikiliza hadi mwisho. Yeye anakaa Golf, mtaa wa wenye pesa, friji yake imejaa bia, na watoto wake ndio wanaoifungua kila asubuhi kutafuta maziwa. Nilimwomba tu anisogezee chumvi.

Mimi niliingia baa kabla sijang'oka meno ya utoto. Nilikaa kwenye kiti changu mwenyewe, na wanaume wenye ndevu walinisalimu kwa kuinama. Ilikuwa Elisabethville, miaka ile ya hamsini, kabla mji haujabadilishwa jina. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha matofali pembeni ya mji. Kazi yake ilikuwa moto: yeye ndiye aliyewasha tanuru alfajiri ya Jumatatu na kulilinda mpaka matofali yaive. Nyumba tuliyolala ilikuwa ya kiwanda, na posho ya unga tuliyokula ilikuwa ya kiwanda. Mwanamume akifukuzwa kazi, mkewe alianza kufunga godoro siku hiyohiyo.

Baba hakuwa mlevi wa kupiga watu. Alikuwa mlevi wa kusahau kurudi. Jumapili baada ya misa alikwenda kunywa kidogo, na kidogo hicho kilimpeleka kwenye baa ya pili, kisha kwa rafiki, kisha kwa rafiki wa rafiki, hata kapita, msimamizi wa kazi, anapogonga kipande cha reli kuita watu kazini, yeye amelala kwenye mkeka wa watu asiowajua. Alishakosa Jumatatu namna hiyo. Mzungu wa matofali akamwambia mbele ya wenzake wote kwamba akikosa nyingine, atafute tanuru lingine na nyumba nyingine. Mzungu yule hakuwa mtu wa maneno mengi, kwa hiyo watu waliyakumbuka.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo mtaniona mwongo. Mimi nilipewa jina la mama yake baba. Kwetu, watu tuliotoka kaskazini ya Katanga, mtoto akipewa jina la mtu, ndiye mtu huyo, na si mchezo. Baba hakunigusa na fimbo hata siku moja, kwani nani anampiga mama yake? Aliniita Mama, akiniletea muwa alinipa kwa mikono miwili. Mama mzazi, yeye, alikuwa mkwe wangu. Nilipovunja chungu alisema, "Unisamehe, mama mukwe," kisha akanichapa barabara. Heshima ilikuwa kamili na makofi yalikuwa kamili.

Mama ndiye aliyepata akili ya kunituma baani. Wanawake wengine wa kambini, kwenye nyumba zile za kiwanda, nao waliwatuma watoto wao kuwafuata baba zao, ili mwanamume mwenye mtoto mkononi asiweze kupitia kwa mwanamke mwingine. Lakini watoto wale walikuwa watoto tu. Walipewa karanga, wakaambiwa wacheze, wakalala chini ya meza, na baba zao wakafanya walivyotaka. Mimi nilikuwa mzazi. Mama alinifunga kitambaa cha kichwa kama mtu mzima, akaniambia, "Mama mukwe, uende na mutoto yako. Umurudishe na jua."

Mwenye baa alikuwa mjane mnene, naye mtu wa kaskazini. Aliniwekea kiti na limonadi, akaniuliza habari za nyumbani. Wanaume walinichokoza: "Mama, mutoto yako anakunywaka mingi!" Nikawajibu, "Moja tena, kisha tunarudia." Wakacheka mpaka wakakohoa. Lakini kivuli cha ukuta kilipofika kwenye mlango, nilisema, "Tuende," na baba akaweka glasi chini. Angefanya nini? Kumkatalia mama yako mbele ya watu wanaojua kuwa ni mama yako ni aibu ambayo haifutiki. Wasemao mtoto umleavyo ndivyo akuavyo wana haki, ila mimi wangu nilimkuta ameshakua.

Na hayo maovu niliyoyaona humo ndani, anayoyaogopa kijana wa Golf? Niliona mwanamume akimlilia mbuzi aliyekufa. Niliona wanaume wawili wakicheza pamoja kwa sababu wanawake walikuwa wachache na gramafoni ilikuwa inaendelea. Mzee mmoja alinieleza Utatu Mtakatifu kwa chupa tatu, na hadi leo sijapata maelezo bora. Nilirudi nyumbani na mtoto wangu, mama akatupakulia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na Jumatatu tanuru likawaka.

Basi Jumapili moja padri akahubiri juu ya watoto ndani ya baa. Alisema ni dhambi ya wazazi. Wiki hiyohiyo ofisi ya cité, mji wa sisi watu weusi, nayo ikabandika tangazo kwenye milango ya baa zote: watoto marufuku. Sijaona mahubiri yaliyopokelewa vizuri kama yale. Wanaume walisikiliza wakiwa wameinamisha vichwa, wengine wamefumba macho kwa uchaji. Tulipotoka, jirani yetu mmoja, ambaye tangu abatizwe kanisani aliingia siku za mazishi tu, alimpa mtoto wake mkono wa kwaheri na kusema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Wanawake walirudi kambini kimyakimya. Mama peke yake ndiye aliyesema. "Padri haina na bwana," alisema. "Atajua nini?"

Hata hivyo, Jumapili iliyofuata alinifunga kitambaa. Tulipofika baani, mimi na baba, mjane alikuwa amesimama mlangoni pamoja na polisi wa cité, kijana mgeni aliyeletwa kuangalia sheria inafuatwa.

"Batoto hapana," polisi akasema.

Baba akajinyoosha. "Mutoto iko wapi? Huyu njo mama yangu."

Polisi akamtazama kama mtu anayetazama mlevi asubuhi. Mjane akaniinamia. "Jambo, mama," akasema kwa sauti ya kusikika. "Bana ku nyumba bako muzuri?" Nikamjibu kwamba watoto ni wazima, kasoro huyu anayenisumbua kila Jumapili. Baa nzima ikatoka kutoa ushahidi. Mmoja alisema anamjua mama huyu tangu zamani sana. Mwingine alisema ni mkali. Polisi akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena, akaomba bia. Nami nikaingia, nikakalia kiti changu, na sijawahi kujisikia mkubwa namna ile, hata siku nilipokuwa mkubwa kweli. Baba alinitetea mbele ya serikali! Nilijua sheria imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Ikaja Jumapili nyingine, na Jumamosi yake tanuru lilikuwa limepangwa hadi juu, matofali ya majumba ya wazungu, na mzungu wetu amewaahidi. Mama aliniambia polepole, ameshika mabega yangu: "Leo, mama mukwe, umulete mbele ya jua kuangukia. Kesho njo moto. Kama anakosa kesho, tunatoka mu nyumba." Nikamwambia asihofu.

Pale baani tulimkuta rafiki wa ujana wa baba, amerudi kutoka migodi ya mbali na suti mpya. Hakuwa mtu wa kwetu, wala hakujua mambo yetu. Alinunulia meza nzima bia. Nilimwacha mtoto wangu afurahi, kwa sababu mama mzuri hamkatizi mwanawe mbele ya wenzake. Kivuli kilipofika mlangoni nikasema, "Tuende." Akasema, "Bado kidogo, mama." Nikangoja. Nikasema tena. Akasema bado.

Yule rafiki akaangua kicheko. "Aka! Weye mwanaume muzima, unaongozwa na ka-mutoto ka vile?"

Wengine mezani wakaweka glasi chini, kwa sababu walijua alichokitukana. Baba akanitazama. Kisha akamgeukia mjane, si mimi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Lakini huyu mutoto anafanya nini humu? Si balisema batoto hapana? Aende ku nyumba."

Hakuna aliyecheka, hata yule mwenye suti. Mjane alikuja, akachukua glasi yangu, akanishika mkono mpaka mlangoni. "Enda, mwanangu," akaniambia. Hakuniita mama. Nilitembea hadi kambini nikiwa nimevua kitambaa, kwa sababu niliona watu wananiangalia.

Mama aliponiona nimekuja peke yangu, akaketi chini. Hakunigombeza. Alinyanyuka, akaenda yeye mwenyewe, akasimama barabarani mbele ya baa na kuita, kwani mwanamke wa ndoa akiingia mle, kesho kambi nzima inamwita ndumba, yaani malaya. Walimjibu kwamba bwana wake ametoka kwa mlango wa nyuma na rafiki yake. Alirudi, akaanza kukunja nguo. Nilimwuliza kwa nini anakunja na kesho haijafika.

Asubuhi kapita aligonga reli, kisha akaja kugonga mlango wetu. Tanuru likawashwa na mtu mwingine. Matofali yalitoka mazuri, kwa bahati mbaya. Baba alifika jua limepanda, akamkuta mzungu ameshika mikono nyuma, na maneno yake yalikuwa machache kama kawaida.

Tulihamia mtaa wa Katuba kwa mjomba, kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba yake. Mama alikaanga mandazi na kuyauza barabarani. Baba alizunguka viwanda vyote, na kila mlangoni walishasikia habari ya mchoma matofali asiyekuja Jumatatu. Nilimkasirikia. Nilimwonea pia huruma, na hiyo ilinikasirisha zaidi. Hakunywa tena, hakuwa na cha kunywea. Lakini kulikuwa na jambo lingine la ajabu: hakuwa na namna ya kuniita. Jina langu asingeweza kulitaja, ni jina la mama yake, na mtu hataji jina la mama yake hivihivi. Na kuniita Mama, mwenyewe alishanifukuza mbele ya watu. Basi akabaki na "wee." Akitaka maji alisema, "Wee, maji," huku anaangalia ukuta.

Siku moja mjomba akaja na habari. Kulikuwa na tanuru jipya upande ule, na kapita wake anatafuta mtu wa moto. Anapatikana Jumapili mchana, baani. Wapi kwingine? Wanaume wa siku zile waliandikana kazi mahali walipokunywa.

Jumapili ikafika. Baba akavaa koti, akafika mlangoni, akasimama. Akarudi, akafunga kamba za viatu zilizokuwa zimefungwa. Akaenda tena mlangoni. Niliona miguu yake haitaki, na nilijua kwa nini: alikuwa anaiogopa ile glasi ya kwanza kama mtu anavyoogopa mbwa aliyewahi kumwuma. Mimi nilikuwa natwanga sombe.

"Mama," akasema. Sauti ilitoka ndogo. "Tuende?"

Sikuinua kichwa. "Balisema batoto hapana," nikamjibu, nikaendelea kutwanga.

Akaketi kwenye kizingiti. Mama, ambaye tangu tuhame hakuwa amemwambia neno tamu, aliacha mandazi yake na kuja upande wangu. Nilidhani anakuja kunisifu. Akanishika sikio.

"Unisamehe, mama mukwe," akasema, akanizaba kofi ambalo bado nakumbuka liliangukia shavu gani. "Nani anamujibu mutoto yake vile? Anakosea, ndiyo. Anatuletea mateso, ndiyo. Lakini njo mutoto yako! Kama weye unamukataa, nani atamubeba?"

Nililia. Kisha nikanawa mikono, nikafunga kitambaa mwenyewe, nikamshika baba mkono, tukaenda.

Kwenye mlango wa baa ile palikuwa na tangazo lilelile, na mwenye baa asiyetujua akaanza kunyoosha kidole. Nikasema mimi: "Mi haiko mutoto. Mutoto njo huyu." Watu wakageuka. Baba akainamisha kichwa mbele yao wote, watu ambao hakuwahi kunywa nao hata siku moja, akasema, "Njo vile. Huyu njo mama yangu." Na tukapita.

Kapita alikuwa mezani pembeni, mtu mkavu mwenye kovu la moto mkononi. Alimsukumia baba chupa, kama ilivyokuwa desturi. Baba hakuigusa. Kapita akamwuliza kama ni kweli anajua moto, na kama ni yeye yule aliyeacha tanuru la watu siku ya Jumatatu.

Baba akanigeukia, macho yamejaa maji.

"Jibu, mwanangu," nikamwambia.