Mtoto Aliyekula Picha ya Bibo

Mtoto wa miaka mitatu alikula ukurasa wa kitabu, nusura mimi nifukuzwe kazi.

Msidhani natania. Aliuma, akatafuna, akameza.

Mimi ni mwalimu wa watoto wadogo, nimesomea chuoni, na ninafundisha katika kituo cha kulelea watoto hapa Chuno, Mtwara. Napenda utaratibu. Viatu hukaa mlangoni vikitazama upande mmoja, na hakuna anayegusa uji kabla ya kunawa.

Utaratibu mmoja tu ulinishinda.

Vitabu vya picha vilifungiwa kabatini. Wageni wakija vilitolewa, watoto wakapigwa navyo picha, kisha vikarudi kabatini vikinukia upya.

Muhula huu nikavitoa, nikavitandaza mkekani.

Aliyekula ni Rehema. Kwao wanalima korosho, na huu ndio msimu wenyewe. Alipofunua akakuta bibo, tunda la mkorosho, jekundu, limeiva, hakujiuliza mara mbili.

Mwenye kituo, Mama Theresia, aliita kikao palepale. Halima, mama yake Rehema, alikuwa amekuja kumchukua mtoto, naye akaingizwa pamoja na mwanawe.

Mama Theresia alisema vitabu vile ni vya msaada, watoto hawajui hata a, na mimi nimewapa mbuzi magazeti. Halima akaomba radhi kwa sauti ndogo, akaahidi kumfunza mwanawe adabu.

"Mwalimu, leo hii vitabu virudi kabatini. Kama huwezi, niachie kituo changu."

"Havirudi, mama."

Nikaeleza taratibu, kama ninavyowaeleza watoto. Rehema alipita picha ya kuku, akapita ya kiatu, hakuzigusa kwa meno. Aliposimama kwenye bibo alikuwa ameelewa kwamba rangi ile juu ya karatasi inasimamia kitu anachokijua. Kusoma kunaanzia hapo.

"Basi nimnunulie kitabu cha mapishi," akasema Mama Theresia, "nipunguze gharama za uji."

Hata Halima alicheka, akajifunika mdomo kwa mtandio.

Nilimpa Rehema kitabu kilekile, nikitaka tu waone anavyokifunua. Kilichofuata sikukipanga.

Kuku. Kiatu. Akafika palipoliwa.

Picha haikuwapo. Chini yake lilibaki neno peke yake, kwa herufi kubwa.

Rehema akaweka kidole juu ya neno lile.

"Bibo," akasema. Akamtazama Mama Theresia. "Nimelila."

Sitawadanganya kwamba alisoma herufi. Alikumbuka mahali, na kila asubuhi huniona nikipitisha kidole chini ya maneno. Lakini picha ilikuwa imekwisha tumboni mwake, na bado alijua maandishi yale yanasema nini.

Mama Theresia hakulainika hata kidogo. Alinyoosha mkono achukue kitabu.

Aliyemuwahi ni Halima, yuleyule aliyekuwa akiomba radhi.

"Mama, vikifungiwa, mwanangu simleti tena. Na wenzangu wote nitawaambia kwa nini."

Mkono wa Mama Theresia ukashuka.

Vitabu viko mkekani mpaka leo, na mimi nipo kazini.

Wazazi na walimu wenzangu, kitabu cha mtoto kikibaki kipya, jueni hakijafanya kazi yoyote. Wapeni wangali wadogo, msisubiri wajue herufi. Mtoto akikichana, kibandikeni, mpeni tena.

Akikila, mpeni maji.